Kisawe kilivyozima intaneti ya mtaa mzima

Katika safu hii nimewahi kulalamika, tena si mara moja, kwamba wataalamu wa teknolojia hawatushirikishi sisi watu wa lugha wanapotafsiri miongozo yao. Leo nalazimika kuandika kuhusu mwongozo ambao mtu wa lugha alishirikishwa. Nalijua hilo kwa sababu aliyeshirikishwa ni mimi.

Mwongozo wenyewe una kurasa 42. Ulitolewa na shirika moja linalowafunza vijana stadi za kidijitali, na unaeleza namna ya kusimika ruta isiyo na umbo, yaani ruta ambayo ni programu tupu, kwenye tarakilishi za kukodi ambazo siku hizi huitwa wingu. Tafsiri ilifanywa na kijana aliyesomea teknolojia. Mimi niliombwa "kusafisha lugha". Nikaisafisha, nikalipwa, nikasahau. Nilisahau hadi mwezi Machi, simu iliponiamsha saa kumi na moja alfajiri.

"Mjomba, samahani kwa kukuamsha. Eti sitisha na simamisha ni maneno mawili tofauti ama ni kitu kimoja?"

Nilimjibu mpwa wangu jinsi mwalimu yeyote wa Kiswahili angemjibu: kwamba hayo ni visawe, na kwamba katika miktadha mingi moja laweza kukaa mahali pa jingine. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mimi nimekwisha."

Ili msomaji aelewe kwa nini alikwisha, sharti kwanza nieleze kazi yake, na kwa hilo naomba subira. Mpwa wangu huuza intaneti katika mtaa mmoja wa Kitale. Ana nyumba 140 zinazomlipa kila mwezi, na vijana wawili waliomaliza Kidato cha Nne wanaopanda nguzo na kuvuta nyaya. Kila kituo chake kina ruta, kile kisanduku kinachoamua pakiti ya data ipite wapi ili ifike inakokwenda. Ruta zake, kama za wauzaji wengi wa mitaani humu nchini, ni za kampuni ya MikroTik ya Latvia, kwa kuwa bei yake inavumilika.

Tatizo lake lilikuwa la anwani. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, zile za toleo la nne, ni takriban bilioni 4.3 tu duniani, na zimeadimika. Kwa hiyo kampuni zinazowauzia data watu kama mpwa wangu huwachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja, mfano wa ploti yenye vyumba ishirini na sanduku moja la posta. Barua ya kutoka hutoka bila shida, ila anayetoka nje hawezi kubisha moja kwa moja mlango wa chumba fulani. Mpwa wangu alipokuwa Nairobi hakuweza kuingia kwenye ruta zake za Kitale kuzirekebisha.

Suluhisho ni kuwa na ruta moja mahali penye anwani ya kudumu inayoonekana na ulimwengu mzima, kisha ruta za mitaani ziwe ndizo zinazoipigia hodi hiyo kubwa na kushikana nayo kwa njia ya siri. MikroTik hutoa ruta ya aina hiyo ikiwa programu tupu. Toleo lake la bure limebanwa lisitoe zaidi ya megabiti 1 kwa sekunde katika kila kiolesura, na anayetaka zaidi hununua leseni. Programu hiyo huwekwa kwenye mashine ya kukodi. Mpwa wangu alikodi kwa Amazon, ambayo mwaka wa 2020 ilifungua vituo vyake vya data Cape Town. Kwa hivyo mteja wa Kitale alipotaka kuingia mtandaoni, idhini yake ilikwenda hadi Afrika Kusini na kurudi. Wingu, msomaji, halimo angani hata kidogo. Limo katika majengo yenye mitambo, nyaya, feni na bili kubwa ya umeme.

Sasa turudi kwenye mwongozo. Mpwa wangu aliutumia kuisimika ruta hiyo, na nataka nikiri mapema kwamba ulimfikisha. Baada ya simu ile alikuja kwangu na kipakatalishi chake, tukaketi mezani, tukaupitia ukurasa baada ya ukurasa huku akinionyesha kitendo chenyewe kwenye kiwambo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusoma mwongozo ule pamoja na kazi unayoieleza. Nilipouhariri nilikuwa nimeusoma kama insha.

Nianze na sifa, maana yapo mambo ambayo mtafsiri aliyafanya vizuri kuliko wengi wetu tunaojiita wanaistilahi. Ile programu inayozuia wavamizi, ambayo wengine huiita "ukuta wa moto" kwa kufuata Kiingereza kipofupofu, yeye kaiita ngome. Msomaji yeyote aliyewahi kufika Mombasa anajua ngome hufanya nini: ina malango machache, na mlinzi huchagua nani aingie. Orodha inayoiambia mashine pakiti za mahali fulani zipitie wapi kaiita jedwali la njia, na hapo hakuna wa kuuliza swali. Na ile sehemu ndogo inayokatwa kutoka mtandao mkubwa kaiita mtandao tanzu. Sisi wa fasihi tumezoea kutaja tanzu na vipera tangu zamani. Kuliona neno hilo likitumika kwa kitu kinachochipuka kutoka kitu kikubwa kulinifurahisha, na ninalitetea.

Lakini mambo mengine yanakwaza. Chukua "kipanga njia", jina alilopewa ruta. Kwa maandishi, linaeleweka: ni kitu kinachopanga njia. Ila kipanga, kama ajuavyo kila mama mwenye vifaranga, ni ndege. Mmoja wa vijana wa mpwa wangu alipousoma mwongozo kwa mara ya kwanza aliuliza kama kuna tofauti kati ya kipanga na mwewe. Wakacheka, na tangu hapo kifaa hicho kwao kinaitwa "yule ndege". Mafundi wote wa mitaani husema ruta, au rauta kutegemea mwalimu aliyewafunza. Neno limeshaingia vinywani, lina irabu zake mwishoni, linakubali viambishi vyetu bila kelele. Kulikataa kwa sababu lina asili ya kigeni ni kulionea, ilhali tumezipokea shule, baiskeli na meza.

Chukua tena "pepe". Mwongozo unaiita ruta isiyo na umbo "kipanga njia pepe". Pepe tulilipata katika barua pepe, na humo lina maana ya kitu cha kielektroniki, kinachosafiri kana kwamba kimepeperushwa. Ruta zote ni za kielektroniki, hata ile iliyofungwa kwenye nguzo. Neno pepe hapa halitofautishi chochote. Wapo wanaopendekeza "dhahania". Hao wamesahau kwamba dhahania ni kitu cha mawazoni, kama katika nomino za dhahania. Ruta ya mpwa wangu haikuwa ya mawazoni. Ilikuwa na kumbukumbu yake, diski yake na anwani yake, na anwani hiyo peke yake hutozwa dola 0.005 kwa kila saa tangu Februari 2024, yaani kama dola 3.60 kwa mwezi wa siku 30. Kitu cha kudhania hakileti bili. Ningesema tu ruta ya programu, kwa kuwa tofauti yake na ile nyingine ndiyo hiyo: moja ni kisanduku, nyingine ni programu.

"Wingu la umma" ndilo lililotuchelewesha mezani kuliko yote. Mpwa wangu alisema mwanzoni alidhani ni la serikali, kama hospitali ya umma au shule ya umma, na akashangaa alipoombwa kadi ya benki. Nilikuwa karibu kulipiga mstari neno hilo kwa kalamu nyekundu, kisha nikakumbuka magari ya uchukuzi wa umma. Matatu si ya serikali wala si ya wananchi. Ina mwenyewe, na mwenyewe anataka hela zake. Tunaiita ya umma kwa sababu yeyote mwenye nauli hupanda. Wingu la umma ni matatu ya namna hiyo. Basi neno lina haki yake katika Kiswahili cha Kenya, ila lilihitaji sentensi moja ya maelezo, na mwongozo haukuitoa. Kosa si la mtafsiri peke yake. Mhariri alipaswa kuuliza.

Kuhusu kitendo chenyewe cha kuiweka ruta mahali pake na kuitia kazini, mwongozo unasema "sambaza". Katika nchi hii, kusambaza ni kumtumia mwenzio salio la simu. Mtu anayesambaziwa ruta atangojea ujumbe wa kuthibitisha! Neno tulilo nalo siku zote ni kusimika. Mlingoti husimikwa, askofu husimikwa, na wote wawili baada ya kusimikwa huanza kazi. Nitaliacha "sakinisha" kwa programu ya kawaida inayotiwa kwenye simu au tarakilishi.

Halafu lipo neno "mfano". Kila mashine moja inayokodiwa, mwongozo unaiita mfano, na kuiwasha ni "kuzindua mfano". Fundi kijana akisoma "zindua mfano" ataelewa kwamba huu ni mfano tu, kazi yenyewe itakuja baadaye. Kitu alichokiwasha, hata hivyo, ni mashine kamili inayohesabiwa saa. Kwa nini isiitwe mashine? Sijui, na nilipouhariri mwongozo sikuuliza.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye kosa kubwa. Wingu la kukodi kwa kawaida huitupa pakiti yoyote isiyotoka kwa mashine husika au isiyoelekezwa kwake. Kwa mashine ya kawaida huo ni ulinzi mzuri. Kwa ruta ni balaa, kwani kazi ya ruta ni kubeba mizigo ya wengine. Kwa hiyo lazima ukaguzi huo uzimwe, la sivyo ruta itakaa pale ikitazama tu, na aliyeisimika atahangaika usiku kucha bila kujua imekosa nini. Mwongozo unasema: "Lemaza ukaguzi wa chanzo na marudio." Marudio ni kitu kinachorudiwa, kama kipindi cha redio. Kilichokusudiwa ni mahali pakiti inakokwenda, na Kiswahili kina kifikio na mwisho wa safari. Na kulemaza je? Tumejitahidi miaka yote hii kuwafundisha watoto wetu kuzungumza kwa heshima kuhusu watu wenye ulemavu, kisha tunaligeuza neno hilo kitufe. Taa huzimwa, redio huzimwa, na ukaguzi nao uzimwe. Sentensi ingekuwa: "Zima ukaguzi wa pakiti zinakotoka na zinakokwenda." Hata mtoto wa darasa la sita angeielewa.

Kasoro hizi zote, hata hivyo, mpwa wangu alizivuka. Ndege alimjua ni ruta, marudio aliyakisia, mfano aliuzoea. Kilichomwangusha hakikuwa neno baya. Kilikuwa neno zuri.

Wateja wake walipoongezeka, aliona mashine aliyoikodi imekuwa ndogo akaamua kuikuza. Ili kubadilisha ukubwa wa mashine kule Amazon, sharti kwanza uisimamishe. Mashine iliyosimamishwa huwa imelala tu. Diski yake inabaki na kila kilichomo, na ukiiwasha inaendelea. Lakini ipo amri nyingine jirani yake, ya kuiondoa mashine kabisa. Ukiipa mashine amri hiyo haifufuki, na kwa utaratibu wa kawaida diski iliyokuwa na mfumo wake hufutwa pamoja nayo. Kwa Kiingereza vitufe hivyo ni Stop na Terminate, na kwa Kiingereza havifanani hata kidogo.

Ukurasa wa 12 wa mwongozo unaeleza namna ya "kusimamisha mfano", na kuna picha inayoonyesha kitufe cha Stop. Ukurasa wa 31, unaohusu kubadilisha ukubwa, unasema: "Sitisha mfano kwanza, kisha chagua ukubwa mpya." Hauna picha. Mpwa wangu aliufungua ukurasa huo saa nane usiku, saa aliyoichagua kwa makusudi ili wateja wasisumbuke. Akatazama menyu. Akawaza hivi, na nanukuu maneno yake mwenyewe: "Simamisha naijua, ni Stop. Kama wangetaka Stop wangesema simamisha. Wamesema sitisha, kwa hivyo ni ile nyingine."

Naomba msomaji aitafakari hoja hiyo, kwa maana haina kasoro. Maneno mawili, vitufe viwili. Onyo lilitokea kwenye kiwambo, naam, likimuuliza kama ana hakika. "Lakini mjomba," akaniambia, "kila kitu huko hukuuliza kama una hakika." Akabonyeza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Anwani ya kudumu haikupotea, kwani hiyo hubaki kwenye akaunti hata mashine ikiondolewa. Kilichopotea ni mipangilio: majina ya wateja na nywila zao, funguo za njia za siri za kila kituo, viwango vya kasi alivyomwekea kila mmoja. Nakala ya mwisho aliyokuwa ameihifadhi nje ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Kulipokucha mtaa mzima haukuwa na intaneti. Ilimchukua hadi magharibi kurejesha nyumba nyingi, na siku tatu kuzimaliza zote. Wateja 19 walihamia kwa mshindani wake juma hilo. Kwa kijana mwenye nyumba 140, hiyo si hasara ya kuchekea.

Baada ya kuisikiliza hadithi hiyo niliinuka nikaenda kwenye tarakilishi yangu, nikaitafuta rasimu niliyoihariri. Nilikuwa na tumaini kidogo kwamba kosa ni la mtafsiri. Katika rasimu yake ya kwanza, ukurasa wa 31 ulisema "simamisha", sawasawa na ukurasa wa 12. Pembeni, kwa wino mwekundu wa mashine, yalikuwa maneno yangu: "Takriri. Tumia kisawe." Na kisawe chenyewe nilikuwa nimekitia mimi. Nilihesabu mahali pengine nilipofanya vivyo hivyo. Ni 27. "Chagua" nilikuwa nimeigeuza "teua" na "bainisha". "Hifadhi" nilikuwa nimeigeuza "tunza". Kitufe kimoja, nikakipa majina matatu, kisha nikajisifu kwamba lugha imetiririka.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha wanafunzi kwamba mwandishi hodari harudii neno. Tunawapa alama za msamiati mpevu. Katika insha ya mtihani, mtoto anayeandika "alikwenda" mara nne hupoteza maksi, na yule anayeandika alikwenda, alielekea, alishika tariki na aliguria huzipata. Katika ushairi kisawe ni mkombozi wa mizani na vina. Haya yote ni sahihi mahali pake. Lakini tumeyafundisha kana kwamba ni sheria ya lugha nzima, wakati ni adabu ya tanzu fulani tu. Mwongozo wa kazi una adabu yake tofauti: kitu kimoja, jina moja, mwanzo hadi mwisho, hata kama jina hilo litajirudia mara mia. Fundi hasomi ili afurahie. Anasoma huku kidole kiko kwenye kitufe, na kila neno jipya kwake ni habari mpya.

Daktari anayeandika "meza tembe mbili" asubuhi hawezi kuandika "bugia vidonge viwili" jioni kwa sababu tu amechoka na tembe. Mgonjwa atajiuliza kama ni dawa nyingine, na atakuwa na haki ya kujiuliza. Watu wa sheria wanalijua jambo hili siku nyingi, ndiyo maana mkataba wa nyumba husomeka kama kasuku. Mimi niliwacheka wanasheria kwa hilo darasani. Nimeacha.

Ipo hoja itakayotolewa, na nimeshaisikia kutoka kwa mwenzangu mmoja wa idara jirani: kwani kulikuwa na haja gani ya Kiswahili? Vitufe vyenyewe ni vya Kiingereza. Kijana angesoma mwongozo wa Kiingereza, ruta yake ingekuwa hai hadi leo. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Mpwa wangu mwenyewe, ambaye Kiingereza chake hakina tatizo, pengine angenusurika. Lakini mwongozo haukuandikwa kwa ajili yake pekee. Wale vijana wake wawili wanausoma Kiswahili kwa kasi na Kiingereza kwa kukisia. Kabla ya mwongozo huu hawakuwa wakiigusa ruta ya wingu kabisa, walivuta nyaya tu. Baada yake, mmoja wao alijifunza kubadilisha nywila ya msimamizi, jambo ambalo wengi hulisahau kwa hatari yao, kwa kuwa programu ile ikipakuliwa huja na jina "admin" na nywila tupu, na mashine yenye anwani ya wazi haikai muda kabla wavamizi hawajaibisha hodi. Hilo alilisoma kwa Kiswahili, akalielewa, akalifanya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kila Julai 7 tunapanda majukwaani kukisifu. Kijana huyo aliyebadilisha nywila anakitumikia Kiswahili kuliko hotuba zangu zote.

Kwa hiyo sitasema turudi kwenye Kiingereza. Nitasema tuijue kazi tunayoifanya. Maadamu vitufe vimebaki na majina ya Kiingereza, mwongozo uyataje majina hayo jinsi yalivyo, kila mara, sambamba na maelezo ya Kiswahili. Usafi wa lugha unaomficha fundi jina la kitufe si usafi. Kila istilahi iorodheshwe ukurasa wa kwanza pamoja na maana yake, na mhariri asiruhusiwe kuibadilisha. Na amri zenye hatari zipewe maneno yasiyoweza kuchanganywa. Kwa ile amri ya kuondoa mashine isirudi tena ningesema "angamiza", waziwazi. Wa rika langu wanaikumbuka ngamizi, jina ambalo tarakilishi ilikaribia kupewa na ambalo watu walilikataa kwa kuwa lilinuka maangamizi. Neno hilo lilipotea kwa sababu halikufaa pale. Mzizi wake unafaa sana hapa.

"Sitisha" nalo ningeliondoa kabisa katika miongozo ya mashine. Tazama linavyotumika katika magazeti yetu. Walimu wakisitisha mgomo, hakuna ajuaye kama wamepumzika au wamemaliza. Viongozi wa vyama hulipenda neno hilo kwa sababu hiyo hiyo. Fundi hawezi kulitumia.

Nimeliandikia shirika lililotoa mwongozo na kuwaeleza kosa ni la nani. Wamekubali toleo la pili. Mtafsiri, ambaye nilimpigia simu kumwomba radhi, alisema jambo lililonikaa moyoni: "Prof, mimi niliona umebadilisha, nikajua ni makosa. Lakini wewe ni profesa." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na mimi nilijikwaa ulimi mtu mwingine akaanguka.

Rasimu mpya tuliijaribu Jumamosi iliyopita. Kijana mmoja wa mpwa wangu alisoma kwa sauti, mwenzake akabonyeza, mimi nikakaa kimya nyuma yao na daftari. Walianza na akaunti tupu. Walichora mtandao, wakaukata tanzu mbili, wakaisimika ruta, wakazima ukaguzi wa pakiti, wakaipa anwani, wakaliandika jedwali la njia, wakaifunga ngome ikabaki na mlango mmoja. Iliwachukua dakika 50. Walikwama mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa kwenye sentensi niliyokuwa nimeiongeza mimi ili isomeke vizuri zaidi. Nimezifuta.